Mnyama wa Wahu

Lazarus Were alikuwa ameona mazimwi mengi kuliko mtu mwingine yeyote Nairobi, na yote aliyaona akiwa ameketi kwenye stuli, wembe mkononi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu zilizochanika, katika duka la kukodisha sinema lililokuwa kwenye kichochoro nyuma ya River Road. Kutwa nzima mkanda ulipita kati ya vidole vyake, naye akipapasa palipoharibika, akikata, akiunga kwa gundi yenye harufu ya kuwasha pua. Ukishika filamu namna hiyo, picha moja moja, hakuna zimwi litakalokutisha tena. Lazarus aliwajua wanyama wote wa ajabu kwa aibu zao: huyu tumbo lake lina mshono, yule anavutwa kwa waya, na yule mwenye mabawa, ukimtazama kwa kioo cha kukuzia, ana alama ya dole gumba shingoni.

Watu walipomuuliza kama haogopi kushinda na vitu vile, alicheka tu. Alikuja mjini kutoka Bunyala akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na siku ya kwanza kuona sinema alitoka mbio, akaacha kiatu kimoja ukumbini. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Siri aliyoionea haya, na ambayo hakumwambia hata mkewe kule nyumbani, ni kwamba alitamani sana kukimbia tena.

Jumamosi kazi ilibadilika. Alipanda gari la sinema pamoja na Kisilu, fundi wa mashine, wakaenda kwenye kumbi za makanisa na shule pembezoni mwa mji. Huko Lazarus alisimama kando ya kitambaa cheupe, fimbo mkononi, akageuza Kiingereza cha filamu kuwa Kiswahili. Wala hakutafsiri kikavu. Alilia na wanaolia, akanguruma na wanaonguruma, na mwanamke wa Kizungu akizimia, Were alizimia kwa sauti. Watu wa Kangemi walisema filamu bila Were ni chai bila sukari, naye alijua wanalisema hilo, na alilipenda.

Alikuwa amepanga chumba Uthiru, katika boma la mama mzee aliyeitwa Wahu. Kwa miaka minne mama huyo alimpa maziwa bila kuombwa, akamfokea akichelewa kurudi, na akamfundisha Kikuyu kwa nguvu, maana Kiswahili alikisikia vizuri ila hakuona sababu ya kukisema. Wahu alikuwa anakaribia miaka themanini. Alikuwa na meno manne na neno moja ambalo hakuna mtu aliyeweza kumfanya alibadilishe: kwamba alipokuwa msichana, alimwona ndamathia.

Kwa Wakikuyu wa zamani, ndamathia ni mnyama wa mtoni, mrefu asiyepimika. Wazee walimtoa majini mara moja tu katika kila kizazi, wakati kizazi kimoja kilipokabidhi nchi kwa kingine, na walimtoa kwa pombe ya muratina. Wasichana waliochaguliwa walitembea mbele yake wakiimwaga kidogo kidogo kutoka vibuyuni kwenye majani, naye akawa analamba na kufuata, analamba na kufuata, mpaka kichwa kikapanda mlimani huku mkia ungali mtoni. Ndipo wazee waliojificha ukingoni walipong'oa nywele za mkia wake. Nywele hizo ndizo zilizoyafanya makabidhiano yawe halali. Wahu hakusema kwamba alisimuliwa. Alisema alikuwa mmoja wa wasichana hao, na akikuambia alikuonyesha mkono wenyewe uliomwaga pombe.

Lazarus alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza ndoto ya mwenzake. Hakuamini hata kidogo.

Aliyeteseka kwa hadithi hiyo ni Jamleck Kihara, mwana wa kwanza wa Wahu. Jamleck alikuwa karani kule Kabete, mtu wa tai, miwani na kalamu mbili mfukoni, na ndiye mzee wa kanisa aliyefundisha darasa la ubatizo. Baba yake alikuwa amebatizwa na kuzikwa nyuma ya kanisa, mahali ambapo asiyebatizwa hakulazwa. Wahu alitaka kulala pale, kando ya mumewe. Alikuwa amelisema wazi, na alikuwa amejifunza sala zote na amri zote kumi. Lakini Jamleck aliamini kwamba yule mnyama wa mtoni ni nyoka yule yule wa bustanini, kwa hiyo mwisho wa maswali ya ubatizo alimwekea mama yake swali moja zaidi: je, anakiri kwamba ndamathia hakuwako, na kwamba hakumwona? Miaka mitatu mfululizo mama alifika kwenye swali hilo, na miaka mitatu akarudi nyumbani kama alivyokwenda.

"Mnaniambia nisiseme uongo," alisema, "halafu mnaniuliza swali la kunitia kwenye uongo. Chagueni moja."

Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na nane, miguu ya Wahu ilianza kuvimba. Daktari alimtazama Jamleck kwa namna ambayo Jamleck aliielewa. Mchungaji angefika kubatiza Jumapili ya pili ya mwezi, kisha asingerudi hadi mwaka mwingine. Basi Jamleck akaja kwa Lazarus na kofia mkononi.

"Bwana Were, si wewe mwenyewe uliniambia hawa wanyama wa sinema ni mpira?"

"Ni mpira, mzee. Na pamba, na manyoya ya sungura."

"Sasa wewe lete moja kubwa hapa kwa ukumbi wetu, Jumamosi kabla ya ubatizo. Kibali nitatafuta kwa DO, yule afisa wa wilaya. Mama aone huyo mnyama, aogope sawasawa. Halafu ikiisha, wewe simama uambie watu vile anatengenezwa. Mimi ni mtoto wake, hawezi nisikiza. Wewe anakupenda. Akijua macho inaweza danganya mtu, atasema tu, labda hata macho yangu ilidanganywa siku ile." Akaizungusha kofia mkononi. "Sitaki mama azikwe peke yake, Bwana Were."

Lazarus alikubali. Alimpenda yule mama, na hakuona ubaya wa kumsaidia kuvuka kile kizingiti. Dukani alichagua filamu ya zamani kuliko zote, iliyounganishwa mara nyingi mpaka ilikuwa gundi zaidi ya picha. Ilisimulia habari za mnyama mkubwa wa ziwani, mwenye mwili mrefu na manyoya ya shingo, aliyekamatwa katika nchi ya mbali na kuletwa mjini kwa minyororo ili watu wamtazame. Lazarus alimjua mnyama yule. Alikuwa amemtengeneza mkia mara mbili.

Jumamosi ilipofika, madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi, na saa nane mchana ndani kukawa giza la kutosha. Kibali kilisema watu wawe wametawanyika ifikapo saa kumi na moja, maana Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ilikuwa haijaondolewa na mkusanyiko wa Wakikuyu ulitazamwa kwa jicho kali. Kisilu aliwasha jenereta nje, akarudi kwenye mashine yake akilalamika.

"Wamesema saa kumi na moja, na mimi niko na mikanda tano na kurudisha kila moja nyuma mpaka mwanzo," alimwambia Lazarus. "Ile kitu ya kurudisha na mkono imevunjika. Itabidi nirudishe na mashine yenyewe."

Wahu aliketi mbele kabisa, kwenye kiti cha mbao alicholetewa na Jamleck, miguu yake juu ya kigoda. Alikuwa amevaa shuka safi na shanga zake zote.

Filamu ikaanza. Lazarus aliingia kazini kwa moyo mmoja: aliwapa wawindaji sauti za majigambo, akampa nahodha kikohozi, na maji ya ziwa yalipochemka na ile shingo ikapanda, ikapanda tena, mpaka ikatoka nje ya kitambaa, akaacha kusema, kwa sababu alijua mahali pa kunyamaza. Akina mama walifunika nyuso. Wazee wawili walisimama. Wahu peke yake ndiye aliyeinama mbele, kama mtu anayemtafuta jamaa yake katika umati.

Wawindaji walimtupia mnyama nyavu, kisha minyororo, kisha wakamfunga mdomo kwa kamba.

"Were," Wahu aliita, bila kupunguza sauti. "Wanataka unywele wake?"

Ukumbi ukageuka kumtazama. Lazarus hakuwahi kuulizwa swali katikati ya kazi. "Hapana, Mama," alijibu kwa Kikuyu. "Wanamtaka yeye mzima."

"Mzima wa nini?"

Filamu haikumngoja Lazarus ajibu. Ikamwonyesha mnyama ndani ya meli, akihema. Ikamwonyesha jukwaani, chini ya taa kali, watu waliovaa vizuri wakimcheka na kumtupia njugu. Alikuwa ameziunga picha hizo kwa mikono yake na hakuwahi kuona kwamba yule mnyama anahema. Kifua cha mpira kilipanda na kushuka kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akijaza upepo, bila shaka. Lazarus alilijua hilo. Hata hivyo alijikuta anasimulia polepole, na yale majigambo ya wawindaji akayapitia juu juu tu, kwa sababu yalimtia haya.

Katika mkanda wa tano mnyama alikata minyororo. Hakumla mtu. Alipita kati ya majumba akitafuta maji, akaupata mto wa mjini, akazama. Kwa muda kulikuwa na maji matupu tu. Kisha askari wakajipanga ukingoni na bunduki, naye, labda kwa kukosa hewa, akatoka majini mbele yao, akapanda ukingo mpaka wote wakamwona. Wakampiga. Alichukua muda mrefu kufa. Maandishi ya mwisho yalipotokea, hakuna aliyepiga makofi, na Wahu alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya shuka.

"Wamemuua," alisema. "Walimwita kwao, halafu wamemuua."

Jamleck alimpa Lazarus ishara kwa kidole: sasa, simama useme. Lazarus akapiga hatua moja mbele.

Kisilu naye alikuwa na saa kumi na moja kichwani. Fundi yeyote wa mashine zile anajua kwamba kabla ya kurudisha mkanda kwa njia ya mashine yenyewe unazima sauti, unazima taa, kisha unavuta mpini wa kurudisha nyuma. Kisilu alizima sauti. Halafu akamtazama yule mama mzee aliyekuwa analia kimya, akapangusa jicho lake kwa mkono wa shati, na mkono wa pili ukavuta mpini. Taa aliisahau.

Kitambaa kikawaka tena. Mnyama alikuwa amelala ukingoni, amekufa. Mara mavumbi yakakusanyika na kuingia chini yake. Kichwa kikanyanyuka. Moshi uliokuwa umetanda ukarudi ndani ya bunduki, mmoja mmoja, na askari wakazishusha, wakaonekana wamesahau walikuja kufanya nini. Mnyama akasimama na uzima wake wote. Kisha akaanza kurudi, mkia ukitangulia, tumbo likifuata, uso wake umewaelekea watu wa Uthiru, na mto ukampokea kidogo kidogo bila sauti yoyote.

"Pole sana, watu wangu, nimesahau taa," Kisilu alisema, akinyoosha mkono kwenye swichi.

"Acha," alisema Wahu.

Hakusema kwa ukali. Lakini Kisilu aliurudisha mkono wake kama mtoto aliyekatazwa sufuria ya moto. Wahu alikuwa amesimama juu ya miguu ile ile iliyovimba, bila fimbo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele, vidole vimekunjwa kushika kitu cha mviringo, na kifundo kiliinama taratibu, kikamwaga, kikainuka, kikamwaga. Ulikuwa mkono wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Hakukuwa na kibuyu, na kila mtu ukumbini alikuwa anakitazama.

Shingo ikaingia majini. Yakabaki macho mawili juu ya maji, yakiwatazama. Kisha maji yakajifunga, yakalainika, na hapakuwa na alama yoyote kwamba kitu kimepita hapo.

"Hivyo," alisema Wahu. "Hivyo ndivyo alivyorudi."

Akaushusha mkono.

"Bonde lilikuwa jembamba, hakuwa na mahali pa kugeukia. Alirudi kinyumenyume, ananitazama mimi. Aliumia wakati wanang'oa, nilimwona ameumia, na hakunifanya kitu. Miaka yote hii mnaniuliza alivyotoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza alirudi vipi."

Lazarus alihisi vinyweleo vyake vimesimama kuanzia mikononi hadi kisogoni. Alijua kila kiungo cha filamu ile. Alijua mshono ulipo na gundi ilipo, na alijua kwamba alichokiona sasa hivi ni kosa la Kisilu tu. Ujuzi huo wote haukumsaidia kitu. Mama mzee ambaye hajawahi kuona sinema alikuwa ametaja jambo ambalo mtu hawezi kulibuni, jinsi mnyama mrefu anavyoondoka mahali pembamba, na magoti ya Lazarus yalitaka kutoka mbio. Aliogopa, na furaha ikamjaa hata machozi yakamlenga.

"Bwana Were," Jamleck aliita kutoka kando ya mlango. "Ulikuwa na neno la kuwaambia watu."

Lazarus aligeukia ukumbi. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama mahali kama hapa na maneno ya watu wengine. Sasa yalihitajika yake, na yalikuja machache.

"Mnyama wa filamu hii ni wa kutengenezwa," alisema. "Ni mpira na manyoya ya sungura. Mimi mwenyewe nimemuunga mkia. Mzee Jamleck aliniomba niwaambie hivyo, na ni kweli, nimewaambia." Akaweka fimbo chini. "Pia aliniomba nimsaidie mama ajue kwamba macho hudanganywa. Hapo sina msaada. Waliotengeneza huyu walimtaka afe, wakamtengeneza akafa. Huyu aliyerudi majini hatukumpanga, si mimi wala Kisilu. Mama alimjua kabla hatujamwona. Wa kwake sina filamu yake, watu wangu. Siwezi kuwaambia ni mpira."

Akaketi pale pale sakafuni.

Jamleck alikuja mbele. Watu walimpisha, wakidhani atafunga kwa sala. Alisimama mbele ya mama yake, kalamu mbili mfukoni. Miaka mitatu alikuwa amemuuliza kama alimwona mnyama au hakumwona, na kama kuna kitu kingine cha kuuliza, hakikuwahi kumjia.

"Mama," alisema, "macho yake yalikuwa namna gani?"

Wahu alimshika mwanawe bega ili asianguke. "Ya ng'ombe anapozaa," alisema. "Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiuliza kama naona."

"Na ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, Kihara. Tangu siku hiyo sijaacha kuona."

Askari wa DO aligonga mlango: ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Watu walitoka wakitembea polepole, wakizungumza kwa sauti za chini. Kisilu alikunja waya zake bila kulalamika, jambo ambalo Lazarus hakuwahi kuliona tangu amjue.

Siku ya pili kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwa Mtaita na hakujua Kikuyu, kwa hiyo Jamleck alisimama kando yake akitafsiri, kama kila mwaka. Lazarus aliketi nyuma. Masikio yake yalizoea kazi hiyo, na bila kutaka alikuwa anapima kila sentensi ikitoka Kiswahili na kuingia Kikuyu. Mchungaji alimuuliza Wahu kama anamwamini Mungu Baba, na Jamleck akauliza hivyo hivyo. Aliulizwa kama anamkana Shetani na kazi zake zote, na Wahu akajibu kwa sauti ya kusikika hadi nje kwamba anamkana, tena alimkana zamani.

Mchungaji akafunua daftari lake. "Mzee Jamleck, kwa mama huyu uliniandikia kuna swali lingine. Miaka mitatu sasa limemzuia. Muulize."

Wahu aliinua uso akamtazama mwanawe, na Lazarus aliona kwamba amejiandaa kurudi nyumbani tena. Jamleck aliifuta miwani kwa tai.

"Hilo lilikuwa swali langu, mchungaji, si la kanisa," alisema kwa Kiswahili. Kisha akalisema upya kwa Kikuyu, ili mama alisikie kwa lugha yake. "Nimekwisha kujibiwa."

Mchungaji akafunga daftari. Wahu aliongozwa hadi kwenye beseni na kuinamishwa kichwa. Alikuwa amechagua jina la Peres. Watu wanaobatizwa hufumba macho, na akina mama wawili waliomtangulia walikuwa wameyafumba kabisa. Yeye aliyaacha wazi. Maji yalimwagika utosini, yakapita kwenye mikunjo ya paji na kudondoka besenini, naye akawa anayatazama yale ya chini, kama alivyoyatazama ya mto, kwa makini na bila haraka, mpaka yakatulia. Mchungaji alisubiri. Jamleck alisubiri pia, na kule nyuma Lazarus Were akanyanyuka kitini kidogo, ili naye aone.